Mbwa Mweusi Juu ya Vitambaa Vyeupe

Kuna asubuhi moja ya baridi ya Iringa ambayo naikumbuka kila ninapofunga flashi juu ya kamera. Nilikuwa kijana, mwanangu, nina studio ndogo pale Mlandege, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kazi hii naijua. Nimeikumbuka tena juzi, uliponionyesha kwenye simu picha ya paka wa mama yako ukaniambia, "Baba mdogo, huyu paka ni mweupe kabisa, lakini humu kawa kama majivu. Nadhani kamera yangu mbovu." Sikukujibu papo hapo kwa sababu jibu lake ni refu. Kamera yako si mbovu. Kaa, nikupe habari za mbwa mmoja mweusi na vitambaa vya Mama Neema.

Asubuhi hiyo aliingia studio mzee mmoja mrefu, amevaa koti zito la kahawia lililokwisha kwenye viwiko. Aliitwa Mzee Kihwele. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, miaka mingi akibeba mpunga na mchele kutoka Madibira kwenda Mbeya na kwingineko, na sasa alikuwa akiishi Ipogolo, karibu na barabara kuu, anakoweza kuyasikia malori ya wenzake yakipita.

"Kamwene, kijana."

"Kamwene, mzee. Karibu."

"Wewe ndiye mpiga picha uliyetoka Mbeya?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ninyi watu wa Mbeya ndio mnaotutangaza nchi nzima kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa." Akavuta kiti akakaa. Uso wake haukuonyesha kama anatania au amekasirika. "Sasa mimi nina mbwa. Sijamla. Anaumwa, na nataka umpige picha kabla hajafa."

Nilitaka kucheka, nikaona hatanii, nikaacha.

Mbwa huyo aliitwa Tingo. Tingo ni yule msaidizi wa dereva wa lori, anayeshuka kuweka jiwe nyuma ya tairi na kumpigia dereva stori asisinzie. Tingo wa mwisho wa Mzee Kihwele alikuwa mtu, akaacha kazi akaenda kuoa. Wiki hiyohiyo mzee aliokota mtoto wa mbwa kwenye maghala ya Madibira, akamweka kwenye kile kiti kilichobaki wazi, na mbwa hakushuka tena mpaka siku mzee alipostaafu. Mzee alikuwa na picha chache za enzi hizo. Aliziweka juu ya meza yangu. Katika kila moja alionekana yeye vizuri, lori lilionekana vizuri, na pembeni yake palikuwa na kitu cheusi chenye taa mbili za kijani.

"Huyo ndiye Tingo," akasema. "Katika picha zote hizo hana uso. Mimi nataka uso. Macho yake, na hizi mvi za mdomoni. Daktari wa mifugo amesema figo zimechoka, na kwamba nisitegemee atamaliza mwezi."

Mbwa hakuweza tena kusimama, na ukimbeba analia kwa maumivu. Nje kulikuwa na ukungu na upepo ule wa mwezi wa saba unaopita kwenye sweta. Kwa hiyo picha ingepigwa ndani, na kwa flashi. Nikamwambia mzee asiwe na wasiwasi. Mbeya nilikuwa nimefanya kazi kwenye studio ya picha za pasipoti, na mpiga picha za pasipoti hujiona anajua mwanga, kwa sababu pazia ni lilelile, taa ni zilezile na kiti hakihami.

Nilipofika Ipogolo, mlango ulifunguliwa na mke wake, Mama Neema, mama mfupi mwenye sauti inayofika mbali. Wewe unazijua sebule zetu, mwanangu. Kuta zilikuwa za rangi ya mafuta, bluu inayong'aa, na kwa kuwa rangi ilibaki, wakaipaka na dari. Dirisha lilikuwa dogo, lina pazia zito. Na kwa sababu mpiga picha anakuja, Mama Neema alikuwa amefua vitambaa vyake vyote vya kufuma, akavitia wanga, akavipiga pasi, akavitandika kila mahali: kwenye migongo ya makochi, kwenye mikono ya makochi, juu ya televisheni, juu ya redio isiyofanya kazi. Vyeupe kama maziwa. Katikati ya weupe huo, kwenye kochi kubwa, alilala mbwa mweusi tii, kidevu juu ya miguu yake ya mbele.

"Miaka yote hii nimesema jibwa hili lisikanyage sebule yangu," Mama Neema akaniambia. "Tazama leo. Limepandishwa kwenye kochi kama mchungaji aliyekuja kututembelea."

"Mama Neema, anakusikia," mzee akasema.

"Asikie. Anajua siku zote ninavyosema." Kisha akanyoosha kitambaa kilichokunjika karibu na mkia wa mbwa. "Picha ikitoka, watu wasiseme tunaishi ovyo."

Nilipiga picha nyingi. Kamera niliiacha ijipangie yenyewe kiasi cha mwanga, na flashi nayo ijipangie. Nikawa natazama kioo cha nyuma cha kamera, naona kunang'aa, naridhika. Nilichokuwa sijui ni kwamba ndani ya chumba chenye giza kioo kile kinakupendelea. Kila kitu kinaonekana kina mwanga wa kutosha. Niliporudi studio nikazifungua kwenye kompyuta, nikaona vitambaa. Kila uzi ulionekana, kila ua la kufuma, hata mstari wa pasi. Mahali pa Tingo palikuwa na shimo. Na katika picha nyingi macho yake yalikuwa nusu yamefumba. Nikajaribu kumvuta kwa kompyuta atoke gizani, akatoka na chengachenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Nikachapisha iliyo afadhali, nikampelekea mzee.

Aliishika mbali na uso, kisha karibu.

"Mama Neema," akaita, "njoo uone vitambaa vyako."

Mama akaja akifuta mikono. "Yesu wangu! Vimetoka vizuri."

"Vimetoka vizuri sana," mzee akasema. Akanigeukia. "Na mbwa yuko wapi?"

Hapo ndipo niliposema neno ambalo sijawahi kulisema tena kwa mteja. Nilisema, "Mzee, shida ni kwamba mbwa wako ni mweusi mno."

Mzee Kihwele aliweka picha juu ya meza taratibu.

"Tingo hakuanza kuwa mweusi leo. Ulipoingia hapa ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mvi zake uliziona?"

"Niliziona, mzee."

"Macho yake yana rangi gani?"

"Kahawia."

"Basi jicho lako limemwona. Kama mashine haikumwona, kosa ni la mashine au ni lako wewe uliyeishika. Mbwa usimtwishe. Mimi nimeendesha Kitonga miaka yote hiyo, sijawahi kumwambia bosi kwamba mlima ni mkali mno."

Nikaomba nijaribu tena palepale. Nikawaza: kama shida ni vitambaa, nitasogea karibu mpaka nisivione. Nikasogea, nikamjaza mbwa peke yake kwenye picha, uso na shingo, na kamera nikaiacha tena ijiamulie. Safari hii sikusubiri studio. Nilikuwa na kompyuta ndogo kwenye begi. Tukaitazama wote watatu. Tingo alionekana, kweli. Lakini manyoya yake yalikuwa ya kijivu, na mdomo wenye mvi ulikuwa umeungua, mweupe mtupu usio na unywele hata mmoja. Nyuma yake ukuta wa rangi ya mafuta ulikuwa na doa la mwanga kama mtu ameshika tochi.

"Na huyu mzee wa majivu ni nani?" Mzee Kihwele akauliza.

"Labda ndugu yake wa Mbeya," Mama Neema akasema.

Nilifunga vitu vyangu nikitaka kuondoka nisirudi tena Ipogolo. Mzee alinisindikiza mpaka mlangoni, akasimama akitazama malori yaliyokuwa yakijipanga kupanda mjini. "Kesho bado atakuwepo," akasema. "Keshokutwa sina hakika. Wewe rudi."

Mwanangu, nilirudi studio nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kumtoza mtu yeyote hata senti. Nilivua sweta langu jeusi nikalikunja juu ya kiti kama mbwa aliyelala. Pembeni nikaweka taulo jeupe. Nikatoa kile kitabu cha maelekezo ya kamera, cha Kiingereza, na kamusi, nikakisoma sehemu ya flashi neno kwa neno. Kisha nikaanza kulipiga picha sweta, nikibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Nilichokielewa ni hiki. Kamera haijui mbwa ni nini wala kitambaa ni nini. Inapima mwanga unaorudi, basi, na inaamini kwamba dunia yote kwa wastani ni ya kijivu. Ukiionyesha vitambaa vyeupe vingi, inaona mwanga mwingi unarudi, inasema "inatosha," inaipunguza flashi, na mbwa mweusi anazama. Ukiionyesha weusi mtupu, inaona karibu hakuna kinachorudi, inasema "haitoshi," inaongeza flashi mpaka weusi uwe kijivu. Mara zote mbili mashine ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Aliyekuwa hafanyi kazi yake ni mimi.

Nikaitoa flashi kwenye kujipangia, nikaipangia nguvu kwa mkono. Nikaona tundu la lenzi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na nguvu ya flashi vinabadilisha sweta linavyoonekana. Lakini kasi ya kufunga kamera haikuligusa sweta, iligusa mwanga wa dirishani tu. Nikaona umbali nao ni mkali: mwanga ukisafiri umbali mara mbili, unaofika ni robo. Na jambo moja sikulitegemea. Flashi inayojipangia hurusha kwanza mmweko mdogo wa kupimia, kabla ya ule wa picha. Mtu hauoni. Mbwa anauona na kuanza kufumba. Ndiyo maana Tingo alikuwa na macho ya usingizi. Kwa mkono, mmweko ule wa kwanza haupo.

Likabaki la macho ya kijani na doa la ukutani. Yote mawili yanatoka mahali pamoja: mwanga unaotoka juu ya lenzi na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Dawa yake ni kugeuza kichwa cha flashi, mwanga ukipige kitu cheupe, urudi kwa mnyama kutoka pembeni, ukiwa mpana na laini. Watu wengi hupiga dari. Lakini dari ya Mama Neema ilikuwa bluu, na ningempaka mbwa rangi ya bluu. Nyumba ile nzima haikuwa na ukuta mmoja mweupe. Ilikuwa na vitambaa.

Kesho yake nilipofika, Tingo alikuwa amedhoofika. Hakuinua kichwa. Mzee alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, anamkuna nyuma ya sikio. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mbele yangu, na haikuwa ya kamera.

"Mama," nikasema, "naomba nitoe vitambaa vyote kwenye hili kochi."

Mama Neema akanitazama. "Unataka nyumba yangu iwe uchi?"

"Kochi tu, mama, na kwa muda mfupi. Halafu kile kikubwa cha mezani, kile cha pamba, nakihitaji kuliko kamera hii."

"Mpe," mzee akasema kutoka sakafuni.

"Usiseme mpe. Kitambaa ni cha kwangu." Akasimama pale, mikono kiunoni, akamtazama mumewe, akamtazama mbwa. Kisha akaanza kuvitoa kimoja kimoja, akavikunja kama anavyovikunja siku zote, bila haraka. Mzee akavua koti lake la kahawia, tukalisukuma chini ya kichwa cha mbwa. Tingo akalinusa akatulia.

Kile kitambaa cha meza nilitaka kukitundika, lakini hapakuwa na pa kukitundika. Mama Neema akakichukua mkononi mwangu, akakikunja mara mbili ili kiwe kizito, akakitandaza mbele ya kifua chake, mikono wazi, akasimama upande wa kochi.

"Hapa?"

"Hatua moja karibu, mama. Hapo. Usisogee tena, ukisogea mwanga unabadilika."

Nikageuza flashi itazame kitambaa. Mzee alikuwa anafuatilia kila kitu.

"Kama ukungu wa Mlima Nyoka, kule njia ya Mbeya," akasema. "Ukiwasha taa kubwa mbele, unaona weupe tu."

"Ndivyo, mzee."

Kwanza sikumpiga picha mbwa. Nililiweka sweta langu juu ya mkono wa kochi karibu na kichwa chake, nikapima kwa sweta: hafifu, nikaongeza, kali, nikapunguza, mpaka nyuzi zake zikaonekana na bado likawa jeusi. Hiyo pia ilimzoesha Tingo mmweko. Mwanzoni sikio lilimcheza, baadaye akaacha kujali. Nikaondoa sweta. Vipimo vyote nikaviacha vilevile.

Lakini sasa macho yalikuwa yamefumba kwa uchovu. Mzee akamwita. "Tingo. Tingo, baba." Mkia ukagusa kochi mara moja, macho hayakufunguka; sauti ile ameizoea maisha yake yote, kwake ni kama muungurumo wa injini. Nikapiga mluzi. Hakuna kitu. Nikasubiri, kidole juu ya kitufe.

"Mikono inaniuma," Mama Neema akasema.

"Kidogo tu, mama."

Akakikaza kitambaa. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, ya chini, akasema, "Tingo."

Miaka yote alikuwa akimwita jibwa. Mbwa akafumbua macho. Akainua kichwa kutoka kwenye koti, masikio yakasimama, akamtazama yule mama aliyesimama na kitambaa cheupe. Nikabonyeza. Nikapiga moja tu, kisha akashusha kichwa, nami nikashusha kamera.

"Mwache apumzike," nikasema. "Tumempata."

Nilisema hivyo kabla sijatazama, kwa sababu safari hii nilijua. Tulipoifungua kwenye kompyuta, weusi wa Tingo ulikuwa weusi. Lakini upande ule wa kitambaa manyoya yalikuwa na mng'ao, na kwenye mng'ao ule uliona mfupa wa paji, shavu, kovu dogo juu ya jicho ambalo mzee alisema alilipata Madibira. Mvi za mdomoni zilihesabika. Macho yalikuwa ya kahawia.

Mzee Kihwele alisogeza uso karibu na kioo.

"Nyeusi yake ndiyo hii," akasema. Kisha akaweka kidole karibu na jicho la mbwa, bila kugusa. "Mama Neema. Njoo."

"Nini?"

"Uko humu."

Ndani ya jicho la Tingo palikuwa na kipande kidogo cheupe, kile kitambaa, na juu yake, vidogo kuliko punje ya mchele, kichwa cha mtu na mikono miwili iliyotandazwa. Mama Neema alitazama, akaondoka akaenda jikoni, akakaa huko mpaka chai ikawa tayari.

Tingo hakumaliza wiki. Picha niliichapisha kubwa, mzee akaitundika sebuleni, kati ya picha ya harusi yao na kalenda ya usharika. Nilipopita baadaye kusalimia, nikaona juu ya fremu kuna kitambaa kipya cha kufuma. "Nilimkatalia sebule," Mama Neema akaniambia, "sasa mgeni akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumwona."

Sasa nikwambie yako, mwanangu. Paka wa mama yako ni mweupe, amejaa kwenye picha, kamera ikadhani mwanga umezidi ikaupunguza. Mwongezee. Akiwa mweusi na amejaa kwenye picha, mpunguzie kidogo kuliko kamera inavyotaka. Akiwa mweusi amezungukwa na weupe, mwongezee, au uondoe weupe. Ukiweza, panga nguvu ya flashi kwa mkono, pima kwa kitu cha rangi yake kabla hujamsumbua mwenyewe, na ukishapata kipimo usisogee. Flashi isimtazame usoni. Itazame kitu cheupe kilicho pembeni yake. Usikiamini kioo cha kamera ndani ya chumba chenye giza. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hata kama mwenye nyumba anakutazama na aibu inakuwasha.

Haya yote utayahitaji siku utakapompiga picha binti wa kipaimara, mweusi mzuri, ndani ya gauni jeupe. Wapo wapiga picha watakaolipata gauni na kumpoteza binti, na wapo watakaomfanya awe wa majivu halafu waseme wamempendezesha. Wewe usiwe miongoni mwao. Mtazame kwanza kwa jicho lako, ujue rangi yake ilivyo, kisha ikomalie mashine mpaka ikuletee hiyohiyo. Isipokuletea, rudi ukasome, ujaribu na sweta lako, urudi tena. Kumlaumu uliyetumwa kumpiga picha ni kukimbia kazi.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na subira ya kurudi mara ya tatu kwenye mlango ulikochekwa. Na kila utakayempiga picha, mwenye miguu miwili au minne, wanaompenda wamtazame na kusema: ndiye huyu.